Leo Jumapili

Tulipokwisha kumzika mama yake, Nyanzobe,
kaka mtu alikuja toka Geita na gari la kukodi,
akakunja godoro, akafunga masufuria kwa kanga,
akasema, "Twende. Huyu hawezi kukaa peke yake."
Lushinge akakaa juu ya jiwe,
lile jiwe lililobeba nusu ya ukuta wa chumba chake,
akashika ufunguo ulioning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.
"Hapa nina mlango," akasema.
Miaka arobaini na mmoja,
hatukuwahi kumsikia akimpinga mtu.
Gari likashuka Bugarika bila yeye.

Usiku ule tulidhani tumeshinda.
Hatukujua tumeahidi nini.

Nakiri, mimi ndiye niliyeanza kukosea.
Mimi fundi cherehani, mlango wangu unautazama wake toka chini;
nilimpikia, nikamfulia, nikamkata kucha,
mjumbe alipomuuliza jina, nikajibu mimi.
Mama Mugeta naye na uji wake, asubuhi na jioni.
Wiki ya tatu akatufungia mlango.
Tukabisha hodi. Kimya. Kisha:
"Wali wangu napika mimi."
Uliungua. Mlima mzima ulinusa.
Akaula wote, amekaa kizingitini,
akitutazama mmoja mmoja.

Tangu hapo tunajifunza kazi ngumu kuliko kupika:
kukaa na mikono mapajani.

Hesabu hajui. Anajua wanyama.
Simba ni mkaa na nyanya.
Faru ni unga wa wiki.
Tembo ni wa umeme na maji, hulala ndani ya kopo la maziwa.
Kwilasa wa duka humpangia chenji juu ya meza,
noti moja, noti nyingine, foleni inung'unike itakavyo.
Namba za luku anabonyeza mwenyewe, ishirini zote,
mtoto wa Mugeta akimsomea nne nne;
taa ikiwaka anapiga makofi,
nasi huku chini tunapiga.

Kule Mwaloni anachambua dagaa,
kokoto haimpiti.
Jumamosi moja bosi alimpa simba mahali pa faru.
Nilishuka naye. Nikasimama nyuma, ulimi nimeuuma.
Alichukua muda. Wabeba magunia walitupita wakitusukuma.
"Pembe," akasema mwishowe, akigusa pua yake.
"Yangu ina pembe."
Bosi akacheka. Kisha hakucheka. Akatoa faru.
Njiani kupanda hakunishukuru, angenishukuru nini?
Alininunulia muhogo wa kuchoma,
kipande kidogo kuliko chake.

Ishara yetu ni kitambaa chekundu,
nilikikata kwenye masalio ya sare za shule.
Akiamka anakitundika dirishani.
Kikionekana, kila mtu na shughuli zake.

Wiki iliyopita jua lilifika jiwe la pili, dirisha tupu.
Niliacha sindano katikati ya pindo.
Mama Mugeta aliacha chapati motoni.
Kwilasa alifunga duka, Kwilasa asiyefunga hata mvua ikiingia ndani.
Tukapanda ngazi za mawe, mtoto mbele na nyundo ya kuvunjia kitasa,
na moyo wangu ukigonga: kaka mtu alisema, kaka mtu alisema.
Tukaupiga mlango kama askari.

Kitasa kikazunguka.
Lushinge, shuka begani, mikunjo ya mto shavuni,
akatutazama wote,
akaitazama nyundo kwa muda mrefu.
"Leo Jumapili," akasema. "Mtu halali?"

Mlango ukafungwa.
Tukasikia ufunguo: mara moja, mara mbili.

Chapati zilikuwa zimegeuka mkaa.
Tulizila hivyo hivyo, tumekaa juu ya jiwe lake,
ziwa likimeta kule chini nyuma ya mabati,
tukiongea kwa kunong'ona,
tusije tukamwamsha.